Kaburi Lililokatiza Safu

Mzee Amos Tuck alilichomeka sepetu lake ardhini, akapangusa pua kwa mkono wa koti, akamtazama yule mwanamke aliyesimama ukingoni, yeye akiwa ndani ya shimo lililokuwa limemfika magotini.

"Mama, mimi nachimba makaburi hapa Ashcombe huu mwaka wa thelathini na moja. Hakuna maiti hata mmoja aliyewahi kuja kunilalamikia."

"Huyu wangu atalalamika," Khairun akasema.

"Kisa?"

"Unamlaza kama mnavyolala ninyi. Mimi nataka shimo lipite hivi." Akanyoosha mkono akakata hewa kutoka kaskazini kwenda kusini. "Kichwa kule, miguu huku. Alale ubavu wa kulia, uso utazame jua linakozama."

"Linakozama?" Amos akacheka kwa puani. "Hapa sisi sote tunalala miguu mashariki. Siku ya kufufuliwa mtu akisimama tu, jua limemkuta usoni. Hata mke wangu kalazwa hivyo, na katika uhai wake kuamka mapema hakukupenda. Sasa wewe unataka mtu wako alipe jua mgongo?"

"Ndivyo ilivyo kwetu."

"Basi kwenu ni kwa watu wanaochelewa kuamka."

Khairun hakucheka. Alikuwa amejitanda shuka mbili na juu yake koti kuukuu la marehemu, na bado meno yalikuwa yakigongana. Ulikuwa mwezi wa Desemba, na jua la Uingereza mwezi huo ni kama jamaa tajiri asiyependa wageni: huchungulia kidogo, hufunga mlango.

"Kasisi amekubali," akasema. "Nenda kamuulize."

Amos alijua kasisi amekubali. Kijiji kizima kilijua. Akatoka shimoni akinung'unika, akahamia pembeni karibu na ukuta, akaanza kuchimba upya kwa kukatiza, na huku akiongea na sepetu lake kwamba katika miaka thelathini na mmoja hajawahi kuharibu safu.

Khairun alikuwa yaya wa Bibi Pemberton, na marehemu Torab alikuwa mpishi wa bibi huyohuyo. Watu wa Murshidabadi wote wawili, mke na mume. Bibi aliwachukua kutoka Bengali alipokuja Uingereza kumuuguza mama yake, na watoto wake wawili wadogo mgongoni mwa Khairun. Mama mtu alikufa wakati wa mavuno. Wakawa sasa wanafunga mizigo warudi Bengali kwa bwana, na ndipo kifua cha Torab kilipomshika. Siku tisa tu. Alikufa Jumamosi, katika kichumba cha juu ya zizi la farasi, mkewe amemshika mkono.

Maneno yake ya mwisho hayakuwa ya mapenzi wala ya wosia wa mali. Alisema, "Khairun, unielekeze. Usiwaache hawa wakanilaza kama gogo. Unielekeze." Akasema tena. Mara ya tatu midomo ilicheza tu bila sauti, lakini Khairun alielewa.

Na kuelekeza, kwa mtu wa Murshidabadi, si jambo la kuuliza. Mtoto wa kule, kabla hajajua kutamka maji, ameshachapwa kikofi kwa kunyoosha miguu upande wa machweo. Hutemi mate upande huo. Huendi haja ukiukabili. Kitanda hutandikwa kwa kuuhofia. Ukimuuliza mtu kibla iko wapi atakuona punguani, ni kama kumuuliza juu ni wapi. Jua linapozama, ndiko iliko Maka. Bibi yake Khairun alijua hivyo, na bibi wa bibi yake. Khairun mwenyewe, miezi kumi na mmoja aliyokaa Ashcombe, alikuwa akiswali chumbani kwa watoto kila wanapolala, akielekea dirisha la machweo, na moyo wake ulikuwa ukitulia hapo kama mguu uliozoea ndara yake.

Basi alimpigania Torab. Jumapili alimfuata kasisi na kumlilia mpaka akakubali kaburi la kukatiza, bila sanduku, sanda tupu, ila liwe pembeni. Wazee wa kanisa walinuna. Mmoja alisema, mpagani huyo atalala kama gogo lililoangukia njia. Maiti alimwosha kwa mikono yake mwenyewe, ndani ya chumba cha kufulia, na Hester, msichana wa jikoni, alimletea maji ya moto ndoo baada ya ndoo na maua makavu ya kunukia aliyokuwa akiyaweka kwenye sanduku lake la nguo. Kwao mwanamke hashuki kaburini. Lakini mwanamume Mwislamu karibu na Ashcombe hayuko, hata ukitembea siku mbili. Jumatatu Khairun alishuka mwenyewe. Akamlaza ubavu wa kulia, akafungua vifundo vya sanda, shavu akaligusisha udongo, mgongoni akamwekea madongoa ili asigeuke. Uso machweo. Akapanda, akamsalia peke yake, na watu wamejipanga juu ya ukuta wanatazama kama wako mnadani.

Siku hiyo ndipo alipopata usingizi. Alijisemea, nimefanya lililokuwa langu.

Jumatano alasiri aliingia chumba cha kuoshea vyombo, nyuma ya jiko, kukusanya vitu vya Torab. Gari la farasi lilikuwa linaondoka kesho yake saa mbili na nusu asubuhi kwenda London kuiwahi meli. Vitu vyenyewe havikujaza hata kikapu: kisu chake cha kuchinjia, kijaluba cha iliki alichokuwa akikichunga kuliko macho yake, kofia mbili, na mkeka wa kuswalia uliokunjwa nyuma ya pipa.

Hester alikuwa anasugua sufuria. Msichana mnene, mwenye madoa usoni, mdomo wake haupumziki.

"Nitamkosa mzee," akasema. "Unajua siku ya kwanza nilidhani ana wazimu? Namwona kamshika kuku, anamnong'oneza kitu, halafu shingo hiyo. Nikamuuliza, unamwambia siri gani? Akasema, namtajia mwenye kuku. Mimi nikasema mwenye kuku ni Bibi Pemberton. Alicheka mpaka akakaa chini."

Khairun alitabasamu kidogo. Alasiri ilikuwa imeingia. Akaona heri aswali palepale, kwenye mkeka wa mumewe, amwombee. Akaukunjua, akautandika kuelekea ukuta wa machweo, akasimama.

"Ah, wewe unaelekea huko?" Hester akauliza.

"Huko wapi?"

"Huko kwenye makaa. Mzee alikuwa anaelekea huku." Akaonyesha kwa sufuria dirisha dogo la chumba cha maziwa, upande wa pili kabisa. "Kila siku huku. Asubuhi hizi za baridi jua likichomoza linamwingia machoni, nikamwambia, mzee, sogea basi kidogo. Akasema ndiko kwenyewe. Hata alama aliweka, tazama."

Khairun akatazama. Chini ya dirisha, kwenye chokaa ya ukuta, palikuwa na mstari mmoja uliokwaruzwa kwa ncha ya kisu. Aliujua mkono ule. Ndivyo Torab alivyoweka alama kwenye mitungi yake ya achari.

"Labda ilikuwa ni kwa ajili ya nafasi," akasema taratibu. "Chumba ni kidogo."

"Nafasi? Hapo ndipo padogo. Nilikuwa nalazimika kumruka miguu nikitaka maziwa."

Khairun alikuwa amekumbuka mambo ya melini.

Miezi ile sita ya safari yeye alikuwa chini, kwenye giza la watoto, anatapika na wanatapika. Torab alikuwa juu anapika, na aliswali na mabaharia, nyuma ya serahangi wao, msimamizi wa mabaharia, mtu wa Chittagong. Siku moja alishuka na bakuli la uji wa mchele, anacheka. "Leo serahangi katugeuza tena," alisema. "Mwezi uliopita kule, wiki iliyopita hivi, leo huku. Tumekuwa kama jogoo wa bati juu ya paa anayezungushwa na upepo. Anasema dunia ni mviringo, na sisi ndio tunaohama, Maka haihami." Na yeye, Khairun, alimjibu nini? Alisema, niache Torab, nakufa. Akageukia ukuta.

Hawakulizungumza tena. Walipofika Ashcombe yeye aliwekwa juu na watoto, yeye Torab akawekwa chini na masufuria. Mke na mume walikutana ngazini kama majirani. Kila mmoja aliswali kwake, na kila mmoja aliamini mwenzake anajua.

Akakaa juu ya mkeka.

"Yaya?" Hester akasema. "Nimesema kitu kibaya?"

"Hester, mimi nimemlaza mume wangu ameipa Kaaba kisogo."

Hester hakujua Kaaba ni nini, lakini sauti aliielewa. Akaweka sufuria chini.

*

Kasisi Whitlow alimpokea sebuleni kwake. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda kumuuliza Khairun habari za simba-marara na za mto Ganga, na alikuwa amewakabili wazee wa kanisa lake kwa ajili ya maiti asiyemjua. Ndiyo maana ilikuwa vigumu.

"Jumapili ulisimama hapohapo ulipo," alisema, "ukaniambia lazima atazame machweo, vinginevyo ni dhambi juu yako. Sasa Jumatano unaniambia ni mawio."

"Nilikosea, baba kasisi. Kwetu ni machweo. Hapa siko kwetu."

"Hili hukulijua Jumapili?"

"Sikulijua."

Kasisi akavua miwani, akaifuta. "Kufukua maiti si jambo la mimi kukubali. Ni sheria. Inatakiwa barua ya askofu, na barua kwenda na kurudi ni wiki mbili. Na hata ingekuwa mkononi mwangu, Khairun, wale wazee wangenila nyama. Wananiuliza hadi leo lile gogo litaondoka lini."

"Sitaki aondoke. Shimo ni lilelile. Kichwa kiende palipo miguu, miguu palipo kichwa, akilazwa ubavu uleule basi uso utakuwa umegeuka. Si kazi ya nusu siku."

"Mwenyezi Mungu anamwona popote alipo. Unadhani anashindwa kumgeuza mtu?"

"Kama anawageuza mwenyewe," Khairun akasema, "wa kwenu mnawalaza miguu mashariki kwa nini?"

Kasisi akatazama moto. Kuni moja ikapasuka. Khairun aliona kwamba mzungu huyu hana jibu, akapata tumaini kidogo. Alifikiri mtu akikosa jibu hukubali. Lakini kasisi alivaa miwani yake akasema, "Pole sana. Siwezi." Akamfungulia mlango kwa heshima, na heshima ile ilikuwa nzito kuliko tusi.

Bibi Pemberton, Khairun alimkuta kati ya masanduku, nywele zimemtimka, mtoto mmoja analia mguuni.

"Yaya, umekuwa wapi? Charlotte hana soksi hata moja iliyofungwa."

Khairun akamweleza. Bibi alisikiliza, akakaa juu ya sanduku, akamshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Torab alikuwa mtu mwema. Sijapata kula pilau kama yake. Lakini umechoka, Yaya. Mmezika vizuri, mimi mwenyewe nilikuwepo. Ukifika nyumbani utamfanyia sadaka, utatulia."

"Bibi, kama gari lingengoja hadi mchana..."

"Meli ni ya Jumamosi na barabara ni matope. Hainisubiri mimi, itakusubiri wewe? Saa mbili na nusu, Yaya. Sitaki kukuacha. Lakini London wapo yaya wengine wanaotafuta njia ya kurudi, na mimi nina watoto wawili na bahari mbele yangu. Usinifanye nichague."

Hakusema kwa ukali. Khairun akainama akatafuta soksi.

Na alipokuwa akizikunja, soksi moja baada ya nyingine, alikuwa anamwona Phuljan. Binti yao wa pekee. Walimwacha kwa bibi yake kule Murshidabadi ana miaka kumi na mmoja, meno ya mbele yamepishana. Sasa angekuwa anaelekea kumi na tatu. Kila mwezi anarefuka na mama yake haoni. Siku ya kuondoka hakulia, alisema tu, "Mtarudi wote?" Na Torab akasema, tutarudi wote.

Akamfuata Amos kwake kabla giza halijaingia, akamkuta mlangoni anavuta kiko.

"Hapana," Amos akasema kabla hajafungua mdomo. "Hester keshapita hapa. Hapana."

"Mzee."

"Mama, nilikwambia mimi. Nilikwambia jua. Ukanifanya nivunje safu yangu, mgongo wangu mpaka leo haunyooki, sasa unaniambia ni kule nilikokwambia?"

"Ndiyo. Ulisema kweli na mimi sikukusikiliza."

Amos hakuwa amezoea kuambiwa hivyo. Akatoa kiko mdomoni, akakitazama.

"Wakinikuta nafukua maiti watanifunga. Na kazi itakwenda. Mimi ni mzee, sijui kazi nyingine. Nenda kalale."

*

Alfajiri Khairun alitandika mkeka wa Torab chini ya dirisha la maziwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu aje Uingereza kuswali akielekea panapostahili. Miezi kumi na mmoja alikuwa akiipa kisogo Nyumba ya Mungu mara tano kwa siku, na hakuna aliyemwambia, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Hakuomba msamaha kwa ajili ya swala hizo. Mungu angejua la kuzifanya. Aliomba mikono.

Kisha akachukua koleo dogo la kuchotea makaa lililokuwa kando ya jiko, akatoka.

Mbingu zilikuwa zimeanza kupauka. Baridi ilikuwa imegandisha tabaka la juu la udongo, likawa kama mkate uliokauka. Alilipiga kwa ncha, likapasuka. Chini yake palikuwa laini, maana palifukiwa Jumatatu tu. Akaanza. Koleo la makaa si sepetu. Linabeba kidogo na linainama. Alichota, akatupa, akachota. Shuka zilimponyoka kichwani akaziacha. Hakuhesabu wala hakufikiri. Alipochoka mikono alipiga magoti akachimba kwa kusukuma na kifua.

Shimo lilikuwa limefika pajani aliposikia mtu anakohoa.

"Hivyo utajifukia mwenyewe," Mzee Amos akasema. Alikuwa amesimama ukutani, amefunga shali hadi puani. "Unatupa udongo ukingoni, unarudi ndani. Tupa mbali."

Khairun akatupa mbali.

Amos akatazama kushoto, akatazama kulia. Nyumba ya kasisi ilikuwa bado imefunga madirisha. "Nimelala vibaya," akasema, kama mtu anayelalamikia godoro. "Mke wangu alikuwa na tabia ya kunisema usingizini, nadhani bado anayo. Toka humo."

"Nitachimba."

"Toka, nimekwambia. Unaniharibia shimo."

Akaingia na sepetu lake. Hapo ndipo Khairun alipoona tofauti ya anayejua kazi na anayeililia. Udongo uliruka kwa mpango. Khairun aliusogeza mbali na ukingo, na walifanya hivyo bila kusema, hadi sepetu la Amos likabadilika mwendo, likaanza kukwangua badala ya kuchimba, na mwisho akaliweka pembeni akatumia viganja.

"Huyu hapa," akasema, na akavua kofia.

Walipitisha kamba mbili. Torab alikuwa mwepesi, ugonjwa ulimla kabla ya udongo, na baridi ilikuwa imemtunza. Lakini mwepesi wa maiti si mwepesi. Khairun alivuta upande wa miguu, kamba ikamchuna viganja, akawa anamwambia mumewe kwa Kibengali maneno ambayo Amos hakuyaelewa: inuka kidogo, nisaidie, inuka baba Phuljan, umezoea kunibebea mzigo. Wakamfikisha juu, wakamlaza majanini. Sanda ilikuwa ya rangi ya chai.

Wakati huo Hester akaja mbio, ameshika sketi kwa mikono miwili, pumzi zinamkatika.

"Yaya, farasi wamefungwa. Bibi yuko ndani ya gari na watoto. Nimemwambia umekwenda kuaga kaburi, akasema sawa, lakini upesi." Ndipo alipoona kilicholala majanini, akaziba mdomo.

Amos akamgeukia Khairun. "Nenda."

Khairun akapiga magoti kando ya sanda.

"Nenda, mama. Nimeshaelewa. Kichwa huku, miguu kule, ubavu wa kulia, uso mawio. Watu nawalaza kila wiki mimi. Nitamgeuza. Kwa jina la mke wangu, nitamgeuza."

Alisema kweli, na Khairun alijua anasema kweli. Akatazama barabarani. Kutoka pale ukutani hadi lango la nyumba ni mwendo wa kupika yai. Angekimbia angefika. Gari, London, meli, miezi sita ya kutapika, halafu mto, halafu ngazi za gati, na msichana ambaye meno yake labda yameshanyooka.

Akatazama chini. Nani angemlegezea sanda usoni? Nani angemsomea? Amos angemlaza vizuri, kama mtu anayelaza mzigo wa mwenzake. Na Phuljan angeuliza: mama, baba umemwacha vipi? Hapo angejibu nini? Nilimlaza vibaya kwa mkono wangu, halafu nikamwachia mgeni anirekebishie, nikakimbilia gari?

"Hester," akasema, "mwambie bibi asante. Mwambie soksi za Charlotte ziko kwenye kikapu cha juu."

"Yaya, ataondoka."

"Najua."

Hester akasimama, machozi yanamtiririka kwenye madoa yake, kisha akageuka akarudi mbio.

Khairun akashuka shimoni. Amos akamteremshia kwa kamba, pole pole, kichwa kusini safari hii, miguu kaskazini. Mikono ya Khairun ilikuwa imekufa ganzi, akaipasha chini ya makwapa kwanza ili amguse vizuri. Akamgeuza ubavu wa kulia. Akafunua sanda shavuni. Alikuwa Torab bado. Akamgusisha udongo.

"Dongoa," akasema.

Amos akampa. Akaliweka nyuma ya bega. La pili nyuma ya kiuno. Alipokuwa akipokea la tatu, yakasikika magurudumu. Yalitoka langoni, yakateremka mteremko, yakasimama mahali fulani muda mfupi, na moyo wa Khairun nao ukasimama. Kisha yakaendelea. Yalipofika kwenye daraja la mbao yalitoa mngurumo kama wa radi ya mbali, halafu upande wa pili wa mto yakawa madogo, yakawa hayapo.

Akaliweka lile la tatu nyuma ya magoti. Akalisukuma kwa kiganja mpaka likakaa.

Jua lilikuwa limetoka. Halikufika chini. Liligonga ukuta wa shimo nyuma ya Torab, juu kidogo, mstari mmoja mwembamba wa manjano, na kwa mstari ule Khairun akapima: linatoka kule, uso uko kule. Akapima tena, maana mara ya kwanza pia alikuwa na uhakika. Akamsomea aliyoyajua. Hayakuwa mengi. Alipomaliza akayarudia.

Mzee Amos akampa mkono akamvuta juu.

Hester alikuwa amerudi. Mikononi alikuwa na bunda la nguo lililofungwa kwa shuka, lile aliloliandaa Khairun mwenyewe jana yake.

"Alisimamisha gari akakushushia barabarani," akasema. "Alikuwa analia, bibi. Alisema nikwambie hakuwa na la kufanya."

Khairun akalitazama bunda lakini hakulipokea. Ndani yake mlikuwa na utepe mwekundu wa nywele aliomnunulia Phuljan mwezi wa tano. Akashika ukuta kwa mikono miwili. Hakuwa na kitanda cha kulala leo. Hakuwa na mtu hata mmoja, katika nchi nzima ile, wa kumwita kwa jina alilopewa na mama yake.

"Utakwenda wapi sasa, mama?" Amos akauliza.

"Sijui." Akapangusa uso kwa kiganja, akajipaka udongo. "Kasisi anaamka saa ngapi Alhamisi?"

"Alhamisi? Kabla ya saa tatu na nusu haamki."

"Basi tuwahi."

Akaokota koleo la makaa, lililokuwa limepinda sasa kama mkono wa mzee, akaanza kurudisha udongo, kidogo kidogo, kuanzia miguuni. Amos akaingiza sepetu lake upande wa kichwa. Hester aliweka bunda juu ya nyasi mahali pasipo na umande, akakunja mikono ya gauni, akauliza kama kuna kitu kingine cha kuchotea.